Namna ya Kuwafikia Waliokaa na Mgonjwa wa Kifua Kikuu Bila Kumwanika

Kifua kikuu cha mapafu kikishathibitishwa kwenye makohozi, mhudumu wa afya hudaiwa na pande mbili: mgonjwa anadai siri yake, na wanaolala naye chumba kimoja wanadai kukingwa. Mara nyingi madai hayo hayagongani, kwa sababu aliye hatarini anahitaji kupimwa, si kutajiwa jina.

Anza na mgonjwa mwenyewe siku anayoanzishiwa dawa, mkiwa faragha. Muulize analala na nani na anashinda na nani, kisha mwachie achague: awaambie mwenyewe, mwaambie pamoja, au uwaite wewe bila kumtaja. Watangulize watoto walio chini ya miaka 5 na wanaoishi na VVU, kwani hao wakichunguzwa na kuonekana hawaumwi, hupewa dawa za kinga.

Siri huvuja zaidi kwa mwendo wa mhudumu kuliko kwa kauli yake. Kwenye nyumba ya kupanga yenye ua mmoja, fulana iliyoandikwa TB huwa imeshasema yote kabla hujapiga hodi, kwa hiyo vaa nguo za kawaida na upige simu mapema. Ukifika, waulize wote kama yupo aliyekohoa wiki mbili au zaidi, anayetokwa na jasho jingi usiku au aliyepungua uzito. Ukiulizwa, “Kwani nani anaumwa?”, jibu, “Hilo siwezi kulisema, mama, kama ambavyo nisingeweza kusema habari zako.”

Ichunge zaidi kadi ya matibabu, kwa kuwa huandikwa pia majibu ya VVU, na familia inayostahili kujua habari za kifua haistahili kusomewa hayo. Habari za VVU kwa mwenza zina utaratibu wake.

Mgonjwa akikataa kabisa, ulizia anachokiogopa, ambacho aghalabu ni kufukuzwa kazi au chumba, na umweleze kuwa dawa zikimkubali, uwezo wake wa kuambukiza hupungua sana katika wiki za mwanzo. Akizidi kugoma, usiamue peke yako. Lifikishe suala kwa Mratibu wa Kifua Kikuu na Ukoma wa wilaya, ukimweleza yaliyo ya lazima tu. Usimtishie kwa polisi. Nchini Kenya, wagonjwa walioacha dawa walifungwa gerezani mwaka 2010, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kuwaweka huko kulikiuka katiba. Tena gereza lililojaa watu ndipo mahali ambapo kifua kikuu huenea kwa urahisi.