Jinsi ya kuamsha endofini zako: hatua kwa hatua kwa mwenye maumivu sugu

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Wengi wanaofika kwangu wameshasikia kwamba mazoezi "hutoa homoni za furaha". Wanajaribu siku mbili tatu, furaha haiji, wanaacha. Nasikitika kila ninaposikia hivyo, kwa sababu kazi kubwa ya endofini, hizo kemikali za mwili ambazo watu huziita homoni za furaha, ni kutuliza maumivu, na hiyo ndiyo kazi uliyokuwa ukiihitaji. Mwongozo huu ni wa mtu ambaye mgongo, goti au nyonga imemuuma zaidi ya miezi mitatu, na daktari ameshamchunguza akamruhusu kufanya mazoezi.

Hatua ya 1: Ondoa hatari kwanza

Maumivu ya kifua yanayoshuka mkononi, miguu kufa ganzi ghafla, mkojo au choo kukutoka bila kujua, homa, kukonda bila sababu: ukiwa na lolote kati ya haya, nenda hospitali leo. Usijipe moyo kwamba "haliumi sana". Daktari Henry Beecher aliwahudumia askari katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, akaona wengi wenye majeraha makubwa hawaombi dawa ya maumivu. Mwili ukiwa katika hatari huweza kunyamazisha maumivu, na jeraha likabaki vilevile.

Hatua ya 2: Fahamu unachokiamsha

Mwaka 1975, watafiti John Hughes na Hans Kosterlitz huko Aberdeen, Scotland, walitambua katika ubongo wa nguruwe kemikali zinazofanya kazi kama morfini, dawa kali ya maumivu. Walizipa jina la enkefalini. Muda mfupi baadaye ikajulikana ndugu yake, beta-endofini, mnyororo wa amino asidi 31. Hutengenezwa katika tezi ya pituitari na katika sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi, kisha hukaa kwenye vipokezi (sehemu za seli zinazopokea kemikali) vilevile ambavyo morfini hukalia. Hapo hupunguza ishara za maumivu zinazopita kwenye uti wa mgongo na ubongo. Pituitari huimwaga pamoja na homoni ya ACTH, ile inayoamsha kotisoli, homoni ya msongo, kwa hiyo endofini hupanda mwili unapobanwa: kwenye mazoezi makali, wakati wa uchungu wa kuzaa, kwenye hofu.

Kuna jaribio la mwaka 1978 ambalo huwa nawasimulia wagonjwa wangu. Watu waliong'olewa magego walipewa dawa isiyo na kitu ndani yake, na baadhi yao wakapata nafuu. Walipopewa naloksoni, dawa inayoziba vipokezi vya morfini, maumivu ya hao waliopata nafuu yakaongezeka. Maana yake kutarajia nafuu nako kunaweza kuamsha dawa ya mwili. Ndiyo maana namweleza mgonjwa sababu ya kila zoezi kabla hajaanza. Ukilifanya kwa mashaka na woga, unajinyima sehemu ya faida.

Hatua ya 3: Andika namba kabla ya kuanza

Maumivu yako sasa hivi, kutoka 0 hadi 10. Iandike mahali. Usiandike hali ya moyo, andika maumivu.

Hatua ya 4: Tumia misuli mikubwa, mpaka utoke jasho

Kutembea kwa kasi, kuendesha baiskeli, kuogelea. Anza na dakika 10, ukihema lakini ukiweza kutamka sentensi fupi. Kila wiki ongeza dakika chache mpaka ufike nusu saa. Hapa wengi hukosea kwa upole: vipimo vya damu huonyesha beta-endofini hupanda hasa zoezi linapokuwa kali, au likiwa la wastani, linapoendelea kwa muda mrefu, karibu saa nzima. Mwendo wa kujikokota una faida zake, ila usiutegemee kwa hili. Mwili ukishazoea, weka vipande vya dakika moja vya kukaza mwendo, halafu dakika mbili za kupumua.

Mara nyingi naangalia mikono kuliko uso. Mama mwenye goti lililosagika hupanda baiskeli ya mazoezi akiwa ameshika usukani mpaka vifundo vya vidole vinakuwa vyeupe. Dakika ya nane au ya tisa, vidole vinalegea, mabega yanashuka, na bado anakanyaga. Nikimwuliza, "Mama, goti vipi?", hunyamaza kidogo kabla ya kujibu, kama mtu anayelitafuta.

Ukishuka, andika namba tena. Ikipungua hata kwa 1, umefaulu. Nafuu hiyo huwa fupi, kwa wengi nusu saa hivi, kwa hiyo itumie papo hapo kufanya mazoezi ya kuimarisha misuli ambayo maumivu yalikuwa yakikuzuia.

Hatua ya 5: Tafuta wenzako

Watafiti wa Oxford mwaka 2010 waliwapima wapiga makasia: wakifanya mazoezi pamoja walivumilia maumivu zaidi kuliko wakifanya peke yao kwa juhudi ileile. Kuimba pamoja na kucheka kweli kweli pia huongeza uvumilivu wa maumivu.

Hatua ya 6: Usiwinde raha

Ile raha ya wakimbiaji huenda isitokane na endofini hata kidogo. Mwaka 2021 watu walikimbia wakiwa wamemeza naltreksoni, dawa inayoziba vipokezi vya endofini, na raha ikawajia vilevile. Kwa hiyo siku isiyo na raha haijaharibika.

Hatua ya 7: Mweleze daktari dawa zako

Kama unatumia morfini, tramadoli au dawa za jamii hiyo kwa muda mrefu, vipokezi vyako vimezoea na huenda mazoezi yakachelewa kukupa nafuu. Usiziache ghafla, zipunguzwe taratibu na daktari. Na wapo ambao zoezi huwazidishia maumivu badala ya kuyapunguza, hasa wenye faibromayalja, ugonjwa wa maumivu sugu ya mwili mzima. Hao waanze na dakika 3 au 5 za wastani, bila vile vipande vya kasi.

Hatua ya 8: Soma namba kesho yake

Namba ikipanda kwa zaidi ya 2 na isirudi chini baada ya saa 24, punguza muda kwa theluthi, usiache kabisa. Ikiwa kidonda au uvimbe unaonekana lakini husikii maumivu ukiwa kwenye zoezi, simama hata kama unajisikia vizuri. Na kwa wanawake: hedhi ikikatika kwa sababu ya mazoezi makali, punguza mazoezi, ongeza chakula, na mwone daktari mwezi huohuo.