Kupiga picha ya galaksi ukiwa Unguja au Pemba: anza na NGC 253

Watu wengi wakitaka kupiga picha ya galaksi wanaanza na Andromeda mana ndo inayotajwa kila video, na si mbaya, ila kwa sisi tulioko visiwani kuna galaksi bora zaidi ya kuanzia nayo, NGC 253, ile ya kundi la nyota la Sculptor. Hapa nakuelekeza kuanzia kuchagua usiku mpaka picha kutoka kwenye kompyuta.

Kwa nini hiyo? Unguja ipo kama digrii 6 kusini ya ikweta na Pemba kama digrii 5, kwa hiyo Andromeda kwetu inaishia digrii 43 juu ya upeo wa macho upande wa kaskazini basi, lakini NGC 253 inapanda mpaka digrii 71, karibu na utosi, na kitu kikiwa juu hivyo mwanga wake unapita kwenye hewa kidogo, mvuke kidogo, na taa za watu haziusumbui sana. Mtu wa London anaiona digrii 13 tu juu ya mapaa ya jirani. Na huko huko kusini ya Uingereza ndo Caroline Herschel alipoigundua mwaka 1783, kwa darubini ndogo, ikiwa chini vile vile, sasa wewe unayo juu ya kichwa chako. Ipo mbali kama miaka milioni 11 ya mwanga, mng'ao wake ni magnitudi 7 na kitu (kipimo cha mng'ao wa nyota, namba ikizidi kitu kinakuwa hafifu zaidi), na urefu wake angani haupishani sana na upana wa mwezi mpevu, kwa hiyo haitaki darubini kubwa. Tunaiona kwa ubavu ndo mana inatoka ndefu kama mtumbwi, lakini mikono yake na vumbi lake jeusi vinaonekana.

Vifaa: kamera yoyote ya kubadilisha lenzi inayopiga RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata, hata ya mtumba, na lenzi ya milimita 200 au 300, chini ya 135 galaksi inatoka kidogo mno. Kisha traka, kile kimashine kinachozungusha kamera kufuata nyota, mfano Star Adventurer ya Sky-Watcher. Hapa usifanye ubahili, bora lenzi ya bei rahisi na traka nzuri kuliko kinyume chake, mana bila traka kwa lenzi ya 200 ukipita sekunde 1 hivi nyota zinaanza kuwa michirizi. Wenye Seestar S50, ile darubini ndogo yenye kamera ndani inayoendeshwa kwa simu, kazi yao imepungua sana, inaitafuta galaksi yenyewe na kupanga fremu yenyewe, lakini haya ya tarehe, mahali na umande yanawahusu vile vile.

Kalenda ya kuangalia ni ya mwezi wa Kiislamu, na hii kwetu rahisi mana kila nyumba inajua leo mwezi ngapi. Kuanzia mwezi 24 hivi mpaka mwezi 3 giza ni lako. Mwezi 7 au 8 unaweza kusubiri mwezi utue kama saa sita usiku ndo uanze, ila mwezi 14 wala usitoke. Kwa msimu, hapa kwa kalenda ya kawaida, iko hivi: katikati ya mwezi wa nane (Agosti) galaksi inafika juu kabisa kama saa tisa na nusu usiku, mwezi wa tisa saa saba na nusu, mwezi wa kumi saa tano na nusu, mwezi wa kumi na moja saa tatu na nusu. Saa za mwezi wa kumi na moja zinavutia lakini vuli inakuwa imeshaingia, unaweza kupanga siku nne zote mawingu, kwa hiyo mimi napendelea wa tisa na wa kumi, wa tisa unalala ukishasali Isha unaamka saa tano unakwenda, wa kumi unakwenda mapema zaidi. Piga saa mbili kabla ya kufika juu na mbili baada yake, nje ya hapo inaanza kuingia kwenye hewa nzito.

Halafu kuna jambo ambalo mgeni hawezi kukwambia, giza lako wewe ndo giza la wavuvi wa dagaa pia, usiku ule ule wanatoka na taa zao na upande wa magharibi wa Unguja bahari yote inawaka. Ndo mana nenda mashariki na kusini: Makunduchi, Michamvi, Jambiani ukijitenga na mahoteli. Paje na Nungwi taa zimezidi. Kizimkazi pazuri ila upande wa kusini magharibi kuna weupe wa Dar es Salaam, kwa galaksi iliyo juu digrii 71 haina neno, kwa vitu vya chini ina neno. Pemba ukishatoka Chake, Wete na Mkoani karibu popote kuna giza zuri, ila Kigomasha usikae karibu na mnara wa taa. Na popote unapokwenda mwambie sheha mapema, mchana, mwoneshe na kamera yenyewe, mana watu wazima wawili pwani saa nane za usiku na kompyuta na mitambo lazima waulizwe. Wakija kuangalia, waoneshe kwenye skrini, watu wanafurahi na mara ya pili wanakuzimia taa ya barazani wenyewe.

Sasa kuelekeza traka, na hapa ndo wengi wa huku wanakata tamaa kwa sababu maelekezo yote yameandikwa kwa watu wa mbali. Traka inatakiwa mhimili wake uelekee ncha ya anga, ile sehemu ambayo nyota zote zinaonekana kuizunguka. Video za Ulaya na Marekani zinakwambia tafuta Polaris, nyota iliyo karibu na ncha ya kaskazini, kwetu Polaris ipo chini ya upeo wa macho, haionekani milele. Za Australia zinakwambia tafuta Sigma Octantis, ile ya karibu na ncha ya kusini, hiyo kwetu ipo juu ya upeo lakini kwa digrii 6 tu, na ni nyota hafifu, magnitudi 5 na nusu, kwenye mvuke wa bahari na minazi huipati. Achana nazo zote mbili.

Fanya hivi. Mchana au magharibi, sawazisha traipodi kwa pima maji, weka kipimo cha latitudo kwenye 6 kama upo Unguja au 5 kama upo Pemba, elekeza mhimili kusini kwa dira ya simu (simu iwe mbali na chuma cha traipodi, inadanganywa), na ile swichi ya N na S iweke S, ukiiacha N traka inazunguka kinyume na utapoteza usiku mzima. Utaona mhimili umelala karibu sawa na ardhi, usishtuke, kwetu ndo unavyotakiwa kuwa. Wenye mitambo mikubwa, mingine haishuki chini ya digrii 10 au 15, hapo fupisha mguu mmoja wa traipodi ule wa upande wa kusini mpaka mhimili ushuke, kisha ning'iniza mfuko wa mchanga katikati usije ukaanguka. Angalia pia chuma cha uzito wa kusawazisha kisigonge mguu, kwa latitudo yetu kinagonga kweli.

Giza likiingia, kama una kompyuta tumia NINA, programu ya kuendesha kamera na mitambo ya kupiga anga, ile nyongeza yake ya pointi tatu, inapiga picha tatu sehemu tofauti za anga, inazitambua nyota, inakwambia umeikosa ncha kwa kiasi gani na upande gani, na wewe unageuza skrubu mpaka namba ishuke. Haihitaji kuiona ncha yenyewe, ndo uzuri wake kwa sisi. Programu na faili za nyota zishushe nyumbani, usitegemee bando la pwani. Huna kompyuta? Chagua nyota iliyo karibu na utosi, ikuze mara kumi kwenye skrini ya kamera, iangalie dakika mbili tatu. Ikihama kwenda kaskazini au kusini, geuza traka kidogo kulia au kushoto, ikizidi kukimbia geuza upande wa pili. Ikitulia, chukua nyota iliyo chini mashariki ufanye vile vile, lakini safari hii unapandisha au kushusha. Inachukua nusu saa, na nusu saa hiyo ndo picha yenyewe, usiiharakishe.

Fokasi: tumia nyota angavu, Fomalhaut au Diphda, ikuze, zungusha mpaka iwe nukta ndogo kabisa, kisha bandika utepe kwenye pete ya lenzi. Rudia kuangalia kila baada ya saa moja.

Kuipata galaksi ni rahisi kupitia Diphda hiyo hiyo, ipo peke yake angavu kwenye sehemu tupu ya anga, ukishaipata shuka kusini moja kwa moja kama digrii 7. Piga ya kujaribu, ISO 6400 sekunde 10, utaona kijiwingu kirefu kimelala mshazari. Hicho. Kwa lenzi ya 200 sogeza fremu kidogo uingize na NGC 288, fungu la nyota la duara lililo pembeni yake chini ya digrii 2, picha inapendeza sana ikiwa na vyote viwili.

Kisha RAW, f/4, ISO 1600, sekunde 60, fremu 120, hizo saa mbili. Nyota zikiwa na mkia shuka sekunde 30 na uongeze fremu, hupotezi mengi. Zima ile setingi ya kamera kujipunguzia chengachenga yenyewe, inakula nusu ya muda wako. Kila nusu saa sogeza fremu kidogo sana, ili madoa ya sensa (kile kipande cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga) yasikae pahala pamoja. Joto letu la usiku linaongeza chengachenga kwenye sensa, kwa hiyo fremu za giza, zile za kufunika lenzi, zipige 20 au 30 hapo hapo pwani kamera ikiwa na joto lile lile, sio nyumbani chini ya AC. Na kukipambazuka funika lenzi kwa fulana nyeupe uielekeze juu upige nyengine 20 za kusawazisha mwanga.

Umande nao. Saa sita usiku kioo cha mbele kinajaa maji na wewe hujui mpaka picha zinakuja na ukungu. Mkanda wa joto wa kuzungusha kwenye lenzi, ule wa USB, pamoja na pawabenki kubwa unamaliza kazi, uwashe tangu mwanzo, usingoje. Kama kusi linavuma kaa nyuma ya ukuta. Ukirudi futa chumvi kwenye traka na traipodi kwa kitambaa chenye maji baridi kidogo, kausha, na lenzi itie kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya silika vya kwenye maboksi ya viatu, kuvu la huku linakula lenzi kimya kimya.

Nyumbani tumia Siril, programu ya kuunganisha na kusafisha picha za anga, ni ya bure. Ina skripti inayopanga fremu zako zote pamoja na zile za giza na za fulana, unaiacha inafanya kazi. Ikitoka utaona picha nyeusi, ni kawaida, ondoa kwanza weupe wa anga wa nyuma, sawazisha rangi kwa kutumia nyota, ndo uivute mwanga taratibu. Kiini cha galaksi kikianza kuungua acha, rudi hatua moja. Usiifanye anga nyeusi tititi, iache kijivu kidogo, mana ncha za mikono ya galaksi zimo humo humo kwenye ukijivu. Na fremu zako RAW usizifute, ziweke kwenye diski, giza la mwezi ujao likirudi piga saa mbili nyengine kwa lenzi ile ile uzichanganye na hizi, chengachenga inapungua na yale mavumbi meusi yanaanza kujitokeza vizuri.