Maganda ya Mpunga Hayapimwi kwa Kiganja

Wiki iliyopita nilikata kwa msumeno ubao uliotengenezwa na kikundi kimoja hapa Mbarali kwa plastiki chakavu na maganda ya mpunga. Ndani ulijaa matundu kama kitumbua. Nikaukanyaga, ukakatika vipande viwili. Plastiki ya kununua, kuni na kazi ya siku nzima, vyote vimepotea. Kosa ni lilelile ninalolikuta Igurusi na Chimala: maganda yanachotwa kwenye lundo la mashineni, yanafikichwa kiganjani, yanaonekana makavu, yanatiwa kwenye plastiki iliyoyeyushwa.

Maganda yanayochakarika vidoleni bado yanaweza kuwa na maji asilimia 12. Ukichanganya kilo 40 za namna hiyo na kilo 60 za plastiki, umetia karibu lita 5 za maji. Plastiki ya madumu huyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi. Maji huchemka kwenye 100, na lita moja hutoa zaidi ya lita 1,600 za mvuke. Mvuke huo ndio matundu yenu. Mtihani wa chupa na chumvi tunaoutumia kwa mahindi hapa, yaani kutikisa punje na chumvi kavu kuona kama chumvi inaganda kwenye chupa, hautoshi, maana tunatafuta maji asilimia 2 kushuka chini.

Chekecheni kwanza pumba laini; ina mafuta, plastiki haiishiki vizuri, na ng'ombe wanaihitaji zaidi. Kisha anikeni maganda juu ya turubai, kina kisizidi sentimita 3, kuanzia saa 4 asubuhi. Geuzeni kila nusu saa. Saa 10 jioni yaanuliwe! Maganda yaliyolala na umande hayajaanikwa siku mbili, mnajidanganya.

Jua peke yake halitoshi. Siku ya kuchanganya yapitisheni kwenye oveni ya mikate, nyuzi 105, kina sentimita 2. Pimeni gramu 100 kwenye sinia dogo, liwekeni humohumo, mlipime kila baada ya saa moja. Vipimo viwili vikilingana, maji yamekwisha. Maganda yakitoka yaingie kwenye ndoo yenye mfuniko na yatumike ndani ya saa moja. Nimeshuhudia watu wakiyatoa, wakayaacha wazi, wakaenda kula. Maganda hunyonya unyevu wa hewa, hasa mvua zikishaanza. Mkirudi mnaanza upya.

Yakiwa makavu, mchanganyiko hautoi povu na ubao ukikatwa ndani umeshikana.

Kikundi kisicho na mizani ya jikoni kiinunue hiyo kwanza, plastiki baadaye.