Kabla hujaendesha SHELXL, panga faili zako kwanza

Haya nayaandika kwa wanafunzi wa kemia hapa Mombasa ambao fuwele zao zilisafirishwa nje zikapigwa eksirei, wakarudishiwa data kwa barua pepe, na sasa wako nyumbani na laptopu wakitafuta muundo wa molekuli yao. Programu za kazi hii ni nzuri mno, na SHELX, ambayo SHELXL ni sehemu yake ya kurekebisha muundo, hutolewa bure kwa wanafunzi na watafiti. Lakini ina umri. George Sheldrick alianza kuisambaza 1976, enzi za kadi za kutobolewa, na tabia za enzi hizo bado inazo. Haikuulizi "una uhakika?" Unaiamuru, inatenda.

Majina ya faili yasiwe na nafasi ndani yake, wala folda zake. Andika fuwele02, iweke kwenye folda fupi kama C:\eksirei, basi.

Ukihariri faili ya maelekezo, .ins, kwa Notepad, hakikisha haijakubandikia .txt nyuma. Windows huficha herufi za mwisho za jina, kwa hiyo unaona fuwele02.ins kumbe ni fuwele02.ins.txt, na SHELXL inakwambia faili haipo huku wewe unaitazama. Iweke Windows ionyeshe majina kamili leo, si kesho.

Antivairasi nayo wakati mwingine huzikamata programu hizi ndogo zisizo na kisakinishi. Programu ikitoweka ghafla, tafuta kwenye karantini kabla ya kupakua upya na kumaliza bando.

Faili ya .hkl, yenye vipimo vya eksirei, usiifungue kwa Excel. Nasema usiifungue. Kila namba ina nafasi zake zilizohesabiwa: h, k na l, zinazotambulisha kila mwale, nafasi nne nne, ukali wa mwale nafasi nane, na kosa lake nafasi nane. Hakuna koma wala tab. Excel ikikusaidia kuzipanga, imekuharibia. Ukitaka kuitazama tumia kihariri cha maandishi matupu, kisha funga bila kuhifadhi.

Tazama pia namba ya kwanza kwenye mstari wa CELL ndani ya .ins. Ndiyo urefu wa wimbi: 0.71073 kama mashine ilitumia molibdeni, 1.54178 kama ilitumia shaba. Usibahatishe, waulize waliopima. Namba hiyo ikiwa si sahihi, modeli bado inaweza kupendeza machoni, lakini hesabu ya namna atomi zinavyotawanya eksirei imekwenda upande, na ukija kusema molekuli yako ni ya mkono wa kulia au wa kushoto, huna ushahidi. Kwa anayechunguza dawa za mitishamba, hilo si jambo dogo. Data ikitoka sinkrotroni, ile mitambo mikubwa ya eksirei yenye urefu wa wimbi mwingine, hakikisha .ins ina mistari ya DISP, inayoeleza hesabu hiyo kwa kila aina ya atomi.

Sasa hili lililonitoa machozi.

SHELXL husoma .ins na .hkl, ikimaliza huandika .res, ambayo ndiyo modeli iliyorekebishwa. Wewe huinakili .res juu ya .ins, ukaendesha tena. Mara mia, mara mia mbili. Mimi nilichoka kunakili kwa mkono, nikaandika skripti ndogo: bonyeza mara moja, inanakili kisha inaendesha. Faili zote jina lile lile, kila mzunguko ukifuta uliotangulia. Molekuli yangu ilikuwa na mkia usiotulia, atomi zake zikikaa mahali pawili, na wiki tatu nzima nilikuwa nikiugawa kwa PART 1 na PART 2 mpaka ukaanza kutii. Betri ya laptopu ilikufa zamani, mashine ikaishi kwa waya.

Usiku mmoja wa Mei, mvua ya masika inanyesha Kisauni, stima zikapotea katikati ya mzunguko. Ziliporudi nikabonyeza skripti kama kawaida. Sikutazama. .res ilikuwa imeachwa tupu, na skripti yangu ikaichukua tupu ile ikaiweka juu ya .ins. Faili mbili, zote baiti sifuri. Nilikaa nikizitazama mpaka adhana ya alfajiri.

Asubuhi nikampigia mwalimu. "Shikamoo mwalimu, kazi yote imepotea." Akaniuliza jambo moja tu: "Mwanangu, si ulinitumia CIF mwezi wa nne?" Nilimtumia faili hiyo, ile ya kuripoti muundo, na nililalamika ilivyokuwa kubwa. Sikujua ukubwa ule ndio uokozi wangu. Tangu matoleo ya 2013, SHELXL huweka ndani ya CIF faili nzima ya .res na ya .hkl. Kuna programu ndogo iitwayo shredcif inayozichomoa. Kwa dakika moja nikapata modeli ya mwezi wa nne. Kazi ya mkia ikabidi niirudie, lakini sikuanza sifuri.

Kwa hiyo, kabla ya kila badiliko kubwa nakili .res kwa namba: fuwele02_07, fuwele02_08. Weka amri ya ACTA ili CIF iandikwe, na kila jioni jitumie CIF hiyo kwa barua pepe. Usiondoe .hkl ndani yake ili kuipunguza. Skripti yako iangalie kwanza kama .res ina kitu. Na kama ulitumia SQUEEZE ya programu ya PLATON kuondoa viyeyushi visivyopangika, faili ya .fab inayotoka humo isafiri na .ins, kwa jina lile lile.

Ukianza kujaza maelezo ya CIF, chunga ile alama ya ng'. Mwenye sampuli ya mng'ongo akiliweka jina hilo ndani ya alama moja za kunukuu, CIF ya zamani inamruhusu, CIF2, kanuni mpya, inamkataza, na programu nyingine zinachanganyikiwa. Weka maandishi kati ya mistari inayoanza na nuktamkato, yatulie. Usinakili kutoka Word, ile alama yake iliyopinda haimo katika herufi za CIF ya kwanza.

checkCIF, programu ya kukagua CIF, isingoje siku ya kuwasilisha. Iendeshe mapema, soma onyo za A na B moja moja, na ADDSYM ya PLATON ikikwambia umeacha ulinganifu, isikilize kabla msomaji wa jarida hajakuumbua.

Usibadilishe toleo la programu katikati ya tasnifu, na uliandike unalotumia. Waombe waliopima wakuhifadhie picha ghafi za mashine, uliza watazitunza mpaka lini. Nakala moja iwe nje ya nyumba. Flashi usiiamini peke yake. Na laptopu usiiweke dirishani, upepo wa pwani una chumvi na mvua hupiga kwa ubavu.