Miunganisho ya kudumu ya hifadhidata kwenye Django: hesabu kwanza, halafu washa

Juzi kijana ninayesaidiana naye kwenye mfumo wa saccos alinipigia saa tano usiku. "Kaka, samahani kwa usiku huu. Nimewasha miunganisho ya kudumu ili mfumo uwe mwepesi, sasa hata mimi mwenyewe PostgreSQL imenikatalia kuingia." Tulimaliza saa saba. Haya ndiyo niliyomwandikia kesho yake, nikaongeza kisa changu cha zamani kwa kuwa kilinikesha zaidi ya hicho chake.

Nachukulia una Django 4.1 au mpya zaidi (mfumo wa Python wa kujengea tovuti), gunicorn (inayoendesha Django kwenye seva) na PostgreSQL (hifadhidata yenyewe), na unaingia kwenye seva bila kumwomba mtu. Kusakinisha sielezi.

Hatua ya 1: Je, unaihitaji?

Kwa kawaida Django hufungua muunganisho kwa kila ombi na kuufunga ombi likiisha; wa kudumu huachwa wazi ili ombi lijalo liutumie tena. Kufungua kuna gharama: TCP (kuunganisha mashine mbili), mazungumzo ya TLS (kuficha data njiani), kisha nywila, jumla kama safari sita za kwenda na kurudi kabla hujauliza swali la kwanza. Programu na hifadhidata zikikaa mashine moja hutahisi kitu; acha ilivyo, ukalale. Lakini programu ikiwa Dar na hifadhidata imekodiwa Ulaya, safari moja ikichukua milisekunde 150, unamaliza milisekunde 900 kwa kupiga hodi tu.

Hatua ya 2: Hesabu

Hapa ndipo kijana alipoteleza. Muunganisho wa kudumu haurudi sokoni ombi likiisha. Unabaki mkononi mwa uzi (thread, yaani njia moja ya kazi ndani ya mchakato) uliouchukua, utumike usitumike. Kwa hiyo hesabu nyuzi, usihesabu wateja.

Yeye alikuwa na michakato 5 ya gunicorn, kila mmoja nyuzi 4, kwenye mashine 2: hiyo ni 40. Celery, inayofanya kazi za nyuma ya pazia, ilikuwa na michakato 8, jumla 48. PostgreSQL huja na `max_connections` 100, na 3 kati ya hizo zimetengwa kwa msimamizi mkuu, zinabaki 97. Akaona ana nafasi tele. Alichosahau ni kwamba anapopandisha toleo jipya, la zamani na jipya huishi pamoja kwa dakika kadhaa: 48 mara mbili ni 96. Halafu kulikuwa na mashine ya majaribio, aliyoisahau kabisa, inayosoma hifadhidata hiyohiyo. Kwisha habari.

Ona hali halisi kwa `psql`, chombo cha PostgreSQL cha kuandika amri. Zile programu za madirisha na vitufe mimi sizitaki kwenye kazi hii, kwa sababu nyingine hufungua miunganisho yao mitatu minne wakati wewe unatafuta mmoja wa ziada:

```
SELECT client_addr, state, count(*)
FROM pg_stat_activity
WHERE datname = 'saccos'
GROUP BY 1, 2 ORDER BY 3 DESC;
```

Alitaka kupandisha `max_connections` hadi 500 kwenye mashine ya GB 2. Nilimkatalia. Kila muunganisho wa PostgreSQL ni mchakato kamili wa mfumo endeshi, na unakula kumbukumbu hata ukiwa umekaa tu. Punguza nyuzi kwanza.

Hatua ya 3: Washa kwenye `settings.py`

```
DATABASES["default"]["CONN_MAX_AGE"] = 60
DATABASES["default"]["CONN_HEALTH_CHECKS"] = True
```

Ya kwanza ni umri wa muunganisho kwa sekunde; ya pili huupima kama bado uko hai kabla ya kuutumia tena. Kwenye ya kwanza usiweke `None` (yaani bila kikomo), hata ukiona wengi wameweka. `CONN_MAX_AGE` si saa inayolia: Django hukagua umri wa muunganisho pale tu ombi linapoanza au kuisha. Usiku hakuna maombi, muunganisho unalala wazi, na kifaa fulani cha mtandao katikati ya njia kinausahau bila kumwambia mtu. Asubuhi, ukiwa na 60, Django inaona umri umepita, inautupa na kufungua mwingine. Ukiwa na `None`, inajaribu kuupima kwanza, na kipimo chenyewe kinaning'inia kikisubiri jibu lisilokuja.

Usipime kwa `runserver`. Ile hufungua uzi mpya kwa kila ombi, kwa hiyo hutaona tofauti yoyote.

Hatua ya 4: Hakikisha hakuna muunganisho uliofunguliwa kabla ya gunicorn kuzaa michakato yake (fork)

Sasa kisa changu. Mfumo ulikuwa unatumia gunicorn ya kawaida isiyo na nyuzi, `preload_app = True` ili kuokoa kumbukumbu, na `CONN_MAX_AGE` nimeitoa 0 kwenda 600. `CONN_HEALTH_CHECKS` sikuwa nimeiweka. Nikawasha upya. Logi ikajaa hii:

```
SSL error: decryption failed or bad record mac
```

Neno SSL likanipoteza. Nikabadilisha cheti, nikawasha upya: makosa yakafurika, baada ya dakika chache yakatulia. Nikadhani nimepata dawa. Asubuhi nikawasha upya kwa sababu nyingine, yakarudi. Nikasasisha OpenSSL, hadithi ileile. Kila nilichogusa kilionekana kutibu, kwa kuwa ugonjwa wenyewe ulikuwa unapoa peke yake baada ya kila kuwasha. Usiku mzima uliishia hapo.

Chanzo kilikuwa mstari mmoja ndani ya `ready()` kwenye `apps.py`, ambayo Django huiita inapoanza, uliosoma jedwali la mipangilio. Kwa `preload_app`, mchakato mkuu wa gunicorn hupakia programu yote kwanza, ndipo unazaa watoto. Ule mstari ulifungua muunganisho kwa mzazi, na watoto wote watano wakarithi soketi ileile. Watoto watano wanaongea kwenye waya mmoja, kila mmoja akidhani yuko peke yake. TLS ikaona namba za ujumbe hazifuatani, ikagoma.

Ilikuwa heri ikagoma. Bila TLS, mtoto mmoja anaweza kusoma jibu la swali la mwenzake, na mwanachama akafunguliwa salio la jirani. Ukiwahi kuona data za watu zikichanganyika na huelewi kwa nini, anza kuchunguza hapa.

Kwa nini haikuonekana wakati `CONN_MAX_AGE` ni 0? Kwa sababu kila mtoto, ombi la kwanza likifika, aliukuta muunganisho wa urithi umeshapita umri, akautupa na kufungua wake. Kosa lilikuwepo miezi yote, limefunikwa. Na ukitumia `gthread` (gunicorn yenye nyuzi) huenda usilione kamwe, kwani Django hutenga muunganisho kwa kila uzi, na ule wa urithi hubaki kwa uzi mkuu usiopokea maombi. `CONN_HEALTH_CHECKS` nayo inaweza kulificha. Kufichwa si kupona: siku mtu akibadilisha aina ya mchakato, linarudi.

Namna ya kulikamata: simamisha nginx (inayopokea maombi mbele ya gunicorn) ili ombi lolote lisipite, washa upya gunicorn, kisha:

```
sudo ss -tnp | grep 5432
```

Isitoke hata soketi moja ya gunicorn. Ikitoka mstari mmoja wenye `pid` kadhaa za gunicorn kwa mkupuo, umemshika mwizi. Nenda `pg_stat_activity`, tazama safu ya `query`: inaonyesha swali la mwisho kuulizwa kwenye muunganisho huo, na mara nyingi linakupeleka moja kwa moja kwenye mstari wenye kosa. Kuanzia Django 5.0 kuna onyo unapogusa hifadhidata wakati programu inaanza. Lisome, usilizime.

Dawa ya kweli ni kuondoa swali kwenye `ready()` na kulisoma pale linapohitajika mara ya kwanza. Juu ya hapo mimi huweka kinga hii kwenye `gunicorn.conf.py`:

```
def pre_fork(server, worker):
    from django.db import connections
    connections.close_all()
```

Ni `pre_fork`, si `post_fork`. Nilianza na `post_fork` nikajiona mjanja. Lakini mtoto anapofunga muunganisho wa urithi, hutuma ujumbe wa kuagana kupitia waya uleule wa wote, na PostgreSQL inawafungia wote. Funga kwa mzazi, kabla ya kuzaa. Kama hutumii `preload_app`, kinga hii usiiweke: mzazi hajapakia mipangilio ya Django, na gunicorn huenda ikakataa kuwaka.

Hatua ya 5: Skripti ndefu na miamala iliyosahauliwa

Amri inayozunguka siku nzima haina maombi, kwa hiyo hakuna anayekagua umri. Ita `close_old_connections()` mwenyewe mwanzoni mwa kila mzunguko.

Kwenye `pg_stat_activity`, ukiona `idle in transaction` nyingi (miamala iliyoachwa wazi bila kazi), tafuta mahali msimbo unapoita mtandao wa malipo ya simu ukiwa ndani ya `atomic`, yaani muamala ukiwa wazi. Toa wito huo nje. Wakati unahangaika, weka breki:

```
ALTER ROLE saccos SET idle_in_transaction_session_timeout = '60s';
```

Inashika kwa miunganisho mipya tu. Iliyokwisha kufunguliwa haitajua, kwa hiyo washa upya gunicorn na Celery.

Hatua ya 6: PgBouncer, ikibidi

Hesabu ikikataa kabisa kutosha, weka PgBouncer, mpatanishi anayewagawia wengi miunganisho michache, kati ya Django na PostgreSQL, bandari 6432, kwa `pool_mode = transaction`. Kwenye Django weka `DISABLE_SERVER_SIDE_CURSORS = True`, la sivyo `.iterator()` itakusumbua. `LISTEN`, na kufuli zinazotegemea kikao kizima, hazitafanya kazi kupitia njia hii. Na `migrate` mimi huipeleka bandari 5432 moja kwa moja, bila kupitia humo.