Jinsi ya kupima mgonjwa wa valvu ya moyo ameelewa nini baada ya operesheni

Mgonjwa aliyewekewa valvu ya chuma ukimuuliza "umeelewa?" atakujibu ndiyo, tena kwa heshima zote, halafu baada ya mwezi anarudi kaacha wafarini, dawa yake ya kuzuia damu kuganda, kisa anajisikia mzima. Hilo swali litoe kabisa kwenye fomu yako.

Andaa maswali kumi tu. Usiandike "je, wafarini inazuia damu kuganda?" maana jibu ushampa, we uliza "mama, hii dawa inakusaidia nini?" alafu kaa kimya umsubiri. Mwambie atoe dawa kwenye mfuko akuonyeshe anameza ipi, saa ngapi, mpaka lini. Kwenye "mpaka lini" ndo ukazanie, kwa valvu ya chuma wafarini ni ya maisha na kuna wanaoichukulia kama dozi ya malaria, ikiisha imeisha.

Mengine: INR yake ya mwisho (kipimo cha damu kinachoonyesha inachelewa kiasi gani kuganda) ilikuwa ngapi na inatakiwa icheze wapi (valvu ya chuma ya mitrali, ile ya upande wa kushoto kati ya chumba cha juu na cha chini cha moyo, mara nyingi ni 2.5 mpaka 3.5), mgongo ukimuuma atakunywa nini, akienda kung'oa jino atamwambia nini daktari, akipata choo cheusi au upande mmoja ukilegea ghafla atafanyaje. Akitaja diklofenaki, dawa ya maumivu ambayo ikichanganywa na wafarini inaongeza hatari ya kutoka damu, mrekebishe, ila andika kwanza jibu lake la mwanzo. Mchicha nao uulize, maana vitamini K yake inapunguza nguvu ya wafarini, wengine wameuacha kabisa wakati cha muhimu ni kiasi kisipande na kushuka ovyo. Kama moyo uliharibiwa na homa ya rumatiki uliza sindano ya penisilini ya kuzuia homa hiyo isirudi, ile ya kila wiki 3 au 4. Na dada wa umri wa kuzaa muulize akitaka mimba ataanzia wapi, hili ndugu wakiwa nje tafadhali, wafarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Anayeuliza asiwe nesi yuleyule aliyemfundisha, mgonjwa atamwonea aibu. Ndugu akidakia majibu mwombe taratibu asubiri, yeye utamuuliza peke yake.

Maksi 2 akieleza mwenyewe, 1 ukimsaidia, 0 akikosea au asipojua, ila "sijui" iwekee alama ya kuitofautisha na kosa, asiyejua atauliza lakini aliyekosea anaendelea kwa kujiamini.

Pima siku ya kuruhusiwa, rudia maswali yaleyale kliniki baada ya mwezi na baada ya miezi sita, alafu linganisha swali kwa swali. Jumla inadanganya, mtu anapata 18 kati ya 20 kumbe sifuri yake iko kwenye wafarini, huyo asiondoke kabla hujakaa naye tena.