Somo: kutengeneza kigoda cha mwaloni msimu wa baridi

Sisi tunaoishi Minnesota tunajua kuwa usiku wa Januari nyuzi -20 si ajabu, na wengi hufungia vifaa vyao gereji mpaka theluji iyeyuke. Mimi nasema huo ndio msimu wa kutengeneza kigoda. Hewa ya nyumba yenye hita ni kavu mno, na kwa miguu ya kuchomeka ukavu huo ni msaada mkubwa.

Hatua ya 1: mbao. Tafuta ubao wa mwaloni wa kukalia, unene sentimita 4, upana 28, urefu 35, pamoja na vipande vinne vya miguu. Mbao iliyokaa kwenye banda lisilo na joto huwa na unyevu wa asilimia 12 hivi. Ndani ya nyumba wakati wa baridi hushuka hadi 6 hivi. Ukiikata siku ileile itasinyaa baadaye, na husinyaa kwa upana, si kwa urefu. Ilaze ndani juu ya vijiti ili hewa ipite pande zote, na upake nta kwenye ncha zake, maana nyufa huanzia huko. Ipime kwa mizani ya jikoni kila baada ya siku chache, uandike uzito kwa penseli juu ya ubao wenyewe. Uzito ukiacha kushuka, anza kazi.

Hatua ya 2: randa na keekee. Piga randa, kisha toboa matundu manne ya milimita 25, yakiwa yameinamia nje kidogo ili miguu itanuke.

Hatua ya 3: ndimi za miguu, yaani ncha zinazoingia kwenye matundu. Hapa usiharakishe. Chonga kila ulimi uwe mnene kidogo kuliko tundu, halafu iache miguu karibu na hita siku kadhaa, ikauke kuliko kiti. Ndipo uupunguze ulimi kwa patasi na tupa mpaka uingie kwa kubana. Ukishachomekwa, utavuta unyevu kidogo, utavimba na kujikaza wenyewe ndani ya tundu.

Pasua mkato wa kabari kwenye ulimi, na unapochomeka mguu, mkato huo ukingamane na nyuzi za kiti, yaani mistari ya ubao wake. Ukiulaza sambamba na nyuzi, kabari itaupasua ubao. Gonga kabari taratibu huku ukisikiliza: mlio mzito ukigeuka mkali, acha hapohapo.

Hatua ya 4: gundi, ipakwayo kabla ya kuchomeka miguu. Gundi nyeupe ya mbao haishiki vizuri chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Ikikauka na kuwa kama unga wa chaki, haina nguvu tena. Joto la hewa pekee halitoshi, mbao zenyewe nazo ziwe na joto. Kwa hiyo fanya kazi hii ndani ya nyumba, ukiache kigoda humo mpaka kesho yake.

Hatua ya 5: mafuta ya kitani. Paka, ngoja kidogo, futa. Tafadhalini sana, vitambaa vya mafuta hayo msivikunje na kuvitupa kwenye pipa; hupata joto vyenyewe na kuwaka moto. Vitumbukize kwenye kopo la chuma lenye maji.

Maswali ya wanachama

*Fundi, gereji yangu haina hita. Naweza kuwasha jiko la mafuta ya taa?*
Hapana, ndugu yangu. Ukifunga milango, kaboni monoksidi inaua na haina harufu. Jiko hilo pia hutoa mvuke, ambao hutua kwenye vyuma baridi na kuleta kutu. Tumia hita ya umeme, mbali na maranda.

*Shikamoo fundi. Mimi niko Oslo, naishi ghorofani na watoto. Vumbi je?*
Marahaba, mwanangu. Kwako ni vifaa vya mkono tu. Randa na patasi hutoa maranda unayoyafagia yakaisha. Msasa ndio unaojaza vumbi hewani. IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeliweka vumbi la mbao kati ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, kwa hiyo usipige msasa mahali watoto wanapolala. Malizia kwa randa kali, mwaloni utang'aa bila msasa.

*Msonobari ni rahisi kupata. Unafaa?*
Kwa kiti, ndiyo, ila uongeze unene kidogo. Kwa miguu, hapana: ni laini, ulimi utabonyea na kigoda kitaanza kuyumba. Miguu chukua mwaloni au maple.